Maumivu ya Viungo: Tuulize Kwanza, Dawa Baadaye



Somo letu la leo ni juu ya ugonjwa ambao karibu kila nyumba inaujua. Jina lake kwetu ni moja tu: baridi. Wengine huongeza wakasema baridi yabisi. Bibi akishindwa kuinuka kitandani asubuhi, ni baridi. Mtoto akichechemea, ni baridi. Mchungaji akilalamika kiuno na homa zisizokwisha, ni baridi. Mzee akiamka usiku wa manane akilia na kidole gumba cha mguu, hiyo pia ni baridi. Basi mtoto hutumwa dukani na noti ya shilingi hamsini, anunue "zile za baridi."

Hebu tujiulize kwanza. Hola ni mahali pa joto kali. Kama hewa ya baridi ndiyo iletayo ugonjwa huu, si sisi tungekuwa watu wa mwisho kuupata? Ni kweli kwamba mtu aliye mgonjwa tayari anaweza kusikia maumivu zaidi hewa inapobadilika. Lakini si hewa iliyoanzisha ugonjwa. Neno baridi limefunika magonjwa mengi kama blanketi moja linavyofunika watoto wengi. Ukilifunua unakuta kila mmoja na sura yake. Kuna ugonjwa usio na haraka, kuna unaoharibu kiungo kwa siku chache, na kuna mmoja unaoweza kumwua kijana miaka mingi baada ya maumivu yenyewe kwisha.

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo hili kila mwanachama aweze kuuliza maswali sita, na kwa majibu yake ajue nani apelekwe hospitali leo, nani aende wiki hii, na nani asaidiwe nyumbani. Hatutaki mtu ajifanye daktari. Tunataka mgonjwa afike kwa daktari kwa wakati, akiwa na maelezo yanayofaa.

1. KIUNGO NI NINI?

Siku mkichinja mbuzi, tazameni goti lake. Mahali mifupa miwili inapokutana, vichwa vyake vimevikwa kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Hiyo inaitwa gegedu. Kuizunguka kuna mfuko, na ndani ya mfuko kuna ute kidogo, kama mafuta katika mashine. Goti la binadamu ni vivyo hivyo.

Kiungo huharibika kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza, gegedu hulika pole pole. Ya pili, viini vya ugonjwa huingia ndani ya mfuko. Ya tatu, mfuko wenyewe huvimba kwa sababu ya jambo linalotokea kwingine mwilini: kinga ya mwili imechanganyikiwa, au kuna virusi katika damu, au kuna chumvichumvi iliyogandamana ndani ya kiungo. Magonjwa mengi tutakayoyataja yanaingia katika njia hizi tatu.

2. MAGONJWA YENYEWE

Kulika kwa kiungo. Huu ndio unaowapata wengi, hasa baada ya miaka 45 au 50. Magoti, nyonga, kiuno na vidole ndivyo huumia. Maumivu huzidi ukifanya kazi na hupungua ukipumzika. Asubuhi kiungo hukakamaa kidogo, kwa kawaida si zaidi ya nusu saa. Sababu zake ni umri, uzito wa mwili, kuumia zamani, na kazi nzito za miaka mingi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mama anayeubeba kutoka mtoni mara nne kwa siku amebeba kilo 80. Tunapomwambia "baridi hiyo," tunausahau mzigo wake.

Kiungo kilichoingiwa na viini. Hapa kiungo kimoja, mara nyingi goti au nyonga, huvimba kwa siku moja mbili, huwa na moto ukikigusa, na mgonjwa hataki kabisa kukisogeza. Mara nyingi ana homa. Viini vyaweza kuja kwa njia ya damu, au kwa kidonda, au kwa mwiba. Sisi wa Hola na Bura tunaijua miiba ya mathenge. Mwiba ukizama gotini na ncha ikabaki ndani, kiungo huweza kuvimba hata baada ya siku nyingi. Kiungo chenye viini ni kama nyumba inayoungua, maana gegedu huharibika ndani ya siku chache na hairudi tena. Asiwepo mtu wa kukanda, kuchanja chale wala kupiga chuku hapo. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Homa ya rumatiki. Ugonjwa huu hupata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na ndio tunaoomba kila kikundi kiushike vizuri. Huanza na koo. Mtoto anaumwa na koo, ana homa, tezi za chini ya taya zimevimba, mara nyingi bila mafua wala kikohozi. Koo linapona lenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye goti linavimba na kuuma sana. Siku mbili tatu likipoa, kifundo cha mguu kinashika. Kikipoa, kiwiko. Watu wa nyumbani husema, "Kuna kitu kinamtembea mwilini," na wengine humpeleka kwa mganga kwa sababu hiyo hasa. Hatuwacheki. Wameona vizuri, kwa sababu maumivu yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo ndiyo alama kubwa ya ugonjwa huu. Kinachotembea ni jeshi la mwili wenyewe. Lilijifunza kupigana na viini vya koo, sasa linawapiga watoto wa nyumbani.

Ubaya wake ni kwamba viungo hupona kabisa. Hata bila dawa, baada ya wiki chache mtoto anakimbia tena, na kila mtu anashukuru. Lakini jeshi lile laweza kuwa limeshambulia moyo pia. Milango midogo ya moyo, ile inayofungua na kufunga kupitisha damu, hupata makovu. Kila mara koo linapopata viini hivyo tena, makovu huongezeka. Miaka inapita. Kijana anaanza kuchoka akipanda ukingo wa mto, au msichana aliyeolewa anapata mimba na kushindwa kupumua. Hapo ndipo familia hujua, na mlango wa moyo umekwisha haribika. Ndiyo maana tunasema: mtoto wa maumivu yanayohama apimwe moyo hata kama sasa hivi anacheza mpira.

Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio juu ya ugonjwa huu mwaka 2018, kwa sababu unaweza kuzuiwa kwa dawa ya zamani na ya bei nafuu, penisilini. Katika nchi tajiri umekuwa nadra. Sisi Afrika bado tunazika vijana.

Brusela. Hii ni ya wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi. Homa huja na kuondoka, mtu hutoka jasho usiku, huchoka, na kiuno, nyonga au magoti humwuma. Viini hutoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Humwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa, au kwa mikono mitupu anapomsaidia mnyama kuzaa au anaposhika mimba iliyotoka. Mara nyingi hudhaniwa ni malaria au taifodi. Mtu akitibiwa malaria mara mbili tatu na homa inarudi pamoja na kiuno, amwambie daktari kwamba anafuga au anakunywa maziwa mabichi.

Chikungunya. Jina hili lilitoka kwa jirani zetu Wamakonde wa kusini mwa Tanzania, mahali ugonjwa ulipotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952. Maana yake ni kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyoinama kwa maumivu. Huletwa na mbu anayeuma mchana. Homa kali huja ghafla, pamoja na maumivu ya viungo vingi, hasa vifundo vya mikono na miguu, na pengine vipele. Mwaka 2004 uliingia Lamu, safari fupi tu kutoka Garsen. Watafiti waliopima damu za watu wa kisiwa kile walikadiria kwamba watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Tena haikuwa mwaka wa mafuriko, ulikuwa wa ukame. Watu walikuwa wakihifadhi maji majumbani, na mbu huyu huzaa katika mitungi na mapipa yasiyofunikwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ulifika Komoro mwaka 2005. Mombasa nayo ilishikwa tena mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Wengi hupona kwa wiki moja mbili, lakini wengine hubaki na maumivu kwa miezi, hata zaidi ya mwaka.

Jongo. Ugonjwa huu hupata zaidi wanaume wa makamo, na wanawake baada ya hedhi kukoma. Usiku mmoja kidole gumba cha mguu huvimba, huwa chekundu au cheusi zaidi, na hata shuka ikikigusa mtu hulia. Sababu ni asidi ya yuriki kuzidi katika damu na kugandamana kiungoni kama chumvi. Pombe, hasa bia, soda zenye sukari, nyama nyingi na maini huongeza. Lakini si ugonjwa wa walafi tu. Wengine wamezaliwa nayo hali hiyo, wengine figo zao hazitoi asidi vizuri, na wengine wanakunywa dawa za presha zinazoongeza mkojo.

Rumatoidi. Hapa kinga ya mwili inaupiga mfuko wa kiungo bila kuacha. Hupata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, hata wakiwa vijana. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, pamoja na vifundo. Asubuhi mikono hukakamaa kwa saa moja au zaidi; mama hawezi kufunga kanga wala kukamua nguo. Mambo haya yakiendelea kwa wiki sita, asingoje zaidi. Bila tiba vidole hupinda na havinyooki tena. Akitibiwa mapema, mikono yake huokoka.

Siko seli. Mtoto mchanga wa miezi sita hadi miaka miwili akivimba mikono na miguu na kulia akishikwa, apimwe damu kwa ugonjwa huu. Katika pwani yetu si ugonjwa wa nadra.

3. JINSI YA KUTAMBUA: MASWALI SITA

Daktari mzuri huanza kwa kuuliza kabla ya kupima. Nasi tunaweza kuuliza. Yaandikeni maswali haya kwenye karatasi kubwa na kuibandika mahali pa mkutano.

Swali la 1: Mgonjwa ana umri gani?
Swali la 2: Ni kiungo kimoja au vingi? Kama ni vingi, vinauma pamoja au vinapokezana?
Swali la 3: Yalianza ghafla au pole pole? Lini?
Swali la 4: Kuna homa? Kiungo kimevimba? Kina moto?
Swali la 5: Asubuhi hukakamaa kwa muda gani, dakika chache au zaidi ya saa?
Swali la 6: Kabla ya hapo kulitokea nini? Koo? Mwiba? Kuanguka? Maziwa mabichi? Mnyama aliyetoa mimba? Majirani wengi wenye homa?

Sasa tupange majibu katika vikapu vitatu.

Kikapu cha LEO HII: kiungo kimoja kilichovimba na kuwa moto, hasa pamoja na homa, mtoto asiyeweza kukanyaga mguu, mtoto au kijana mwenye maumivu ya viungo pamoja na kuhema au kifua kuuma, mtu aliyeanguka na kiungo kimekaa vibaya, mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu inakufa ganzi au mkojo umezuilika. Hawa hawangojei gari la kesho kama kuna la leo.

Kikapu cha WIKI HII: mtoto ambaye maumivu yake yanahama, hata kama yamekwisha, mama wa vidole vilivyokakamaa, homa za kurudirudi pamoja na kiuno, mtu anayekonda, anakohoa au anatoka jasho usiku huku mgongo unamwuma, maana kifua kikuu huweza kushika mifupa na viungo, na yeyote aliyekunywa dawa za maumivu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili.

Kikapu cha NYUMBANI: mtu mzima mwenye maumivu ya zamani yanayozidi na kazi, bila homa, bila kukonda, na kiungo hakina moto. Huyu pia apimwe siku moja kliniki, lakini msaada wake mkubwa uko mikononi mwake na mwetu.

Huko hospitali, iwe Hola au Ngao kwa walio upande wa Garsen, daktari anaweza kuagiza damu, picha ya eksirei, au kuvuta ute wa kiungo kwa sindano. Msiiogope sindano hiyo. Haikaushi goti, na ndiyo inayoonyesha kama kuna usaha au chumvi ya jongo. Kwa mtoto wa homa ya rumatiki, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti ndiyo inayoonyesha milango ya moyo. Kama kipimo hakipo mlipo, ombeni barua ya kupelekwa mbele na mwulize ni wapi. Tena fahamuni kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Damu ya mwenye jongo inaweza kuonekana sawa siku ile ya maumivu makali. Kipimo cha haraka cha brusela nacho kinaweza kudanganya. Ndiyo maana majibu ya maswali sita yana thamani.

4. TIBA

Ugonjwa mmoja mmoja una dawa yake, na hapa ndipo "zile za baridi" zinapotuponza. Dawa ya maumivu hunyamazisha kelele, haizimi moto.

Kiungo chenye viini hutibiwa kwa dawa za kuua viini kupitia mshipa, na kusafishwa. Brusela hutakiwa dawa mbili pamoja kwa angalau wiki sita. Wengi huacha wiki ya pili wakijisikia nafuu, na ugonjwa hurudi. Chikungunya haina dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji mengi na parasetamoli. Asipewe asipirini wala diklofenaki mpaka ijulikane kwamba si denge, kwa sababu denge ipo pwani na dawa hizo huweza kuleta kutoka damu. Jongo ina dawa za kutuliza siku ya maumivu, na nyingine, alopurinoli, ya kunywa kila siku kwa miaka ili asidi ishuke. Akiinywa akaona vipele mwilini, aiache mara moja na arudi kliniki. Rumatoidi hutibiwa na dawa kama methotreksati, ambayo hunywewa mara moja kwa WIKI. Kuinywa kila siku kunaweza kuua, na haifai kwa mama mjamzito. Hii ni dawa ya kusimamiwa na daktari.

Mtoto wa koo lenye viini akipewa penisilini kwa siku 10, au sindano moja, homa ya rumatiki huzuiwa isianze. Aliyekwisha kuipata hupewa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne ili isirudi. Huendelea kwa angalau miaka 5 au mpaka umri wa miaka 21, ule unaochelewa zaidi. Moyo ukiwa umeguswa, ni miaka mingi zaidi, na daktari ndiye anayepanga.

Na bibi wa magoti? Wengi hushangaa tukisema dawa yake ya kwanza ni mazoezi. Goti hushikwa na misuli ya paja. Misuli ikilegea, mzigo wote huangukia gegedu. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka uwe sawa, ahesabu hadi 10, aushushe. Afanye mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Baada ya wiki sita hivi ataona tofauti. Mwenye uzito mwingi akipunguza hata kilo tano, goti hupata nafuu kubwa, maana kila hatua goti hubeba uzito zaidi ya ule wa mizani. Mkongojo nao husaidia, lakini ushikwe mkono ulio upande wa PILI wa goti bovu. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto. Wengi hufanya kinyume. Kitambaa chenye maji ya moto hutuliza maumivu, lakini kisiwekwe kwenye kiungo kilicho na moto tayari.

5. TAHADHARI YA DAWA ZA DUKANI

Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na asipirini ni ndugu. Kwa siku chache, kwa mtu mwenye afya, zinafaa. Kwa miezi, hutoboa tumbo, hupandisha presha na huumiza figo. Usinywe mbili pamoja ukidhani ni dawa tofauti. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, presha, kisukari au ugonjwa wa figo asinywe bila daktari.

Tena kuna vidonge vidogo vya deksamethasoni na predinisoloni, ambavyo mtu huuziwa kama dawa ya baridi. Siku ya kwanza mgonjwa huinuka na kucheza ngoma. Baada ya miezi uso hujaa kama mwezi, sukari hupanda, mifupa hudhoofika na viini hujificha. Aliyevinywa kwa wiki nyingi asiviache ghafla. Aende navyo kliniki, avionyeshe, apunguziwe pole pole.

Juu ya mitishamba, hatusemi yote ni mabaya. Kukanda kwa mafuta ya simsim huburudisha misuli ya bibi wa magoti. Lakini chale kwa wembe mmoja kwa watu wawili hueneza magonjwa mengine, na unga usiojulikana umechanganywa na nini ni hatari sawa na kidonge kisicho na jina.

6. KAZI YA KIKUNDI

Tukumbuke yule mgonjwa wa kupooza katika Injili ya Marko, aliyeteremshwa kupitia dari. Hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Alifikishwa na watu wanne waliokubaliana kubeba, kila mmoja pembe yake. Hicho tayari ni kikundi cha kujisaidia. Na ndugu zetu Waislamu walio nasi vikundini wanajua vile vile kwamba kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu.

Pembe ya kwanza ni kadi ya sindano. Sindano ya kila siku 28 ni sindano 13 kwa mwaka. Hakuna mtoto anayeweza kukumbuka peke yake, na mama mwenye shamba na watoto wengine husahau. Kikundi kiandike tarehe kwenye kalenda na kumteua mtu wa kukumbusha. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, 2023 na 2024 yametuonyesha jinsi barabara inavyokatika. Kabla ya mvua, mwulizeni mhudumu wa zahanati mtoto atadungwa wapi njia ikifungwa.

Pembe ya pili ni nauli. Mgonjwa wa kikapu cha LEO HII mara nyingi hufa kwa kukosa gari, si kwa kukosa dawa. Tengeni sehemu ndogo ya mchango wa kila mkutano kwa nauli ya dharura, isiguswe kwa jambo lingine. Na kila mwanachama ahakikishe familia yake imeandikishwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Pembe ya tatu ni mzigo. Kikundi kinaweza kununua mkokoteni au kutumia punda kwa zamu. Bibi wa magoti abebe lita 10 badala ya 20, au asibebe kabisa. Vijana wa kikundi wana miguu.

Pembe ya nne ni usafi wa nyumbani: maziwa yachemshwe mpaka yafure, mitungi na mapipa yafunikwe na kusuguliwa kila wiki, na mimba ya mnyama iliyotoka izikwe kwa kutumia mifuko ya plastiki mikononi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kijiji chetu, ni nani tunayemwita "mtu wa baridi"? Tukitumia maswali sita, yuko kikapu gani?
2. Je, kuna mtoto ambaye viungo vyake viliwahi kuuma kwa kuhama, kisha akapona? Nani kati yetu ataongea na wazazi wake wiki hii, na atasema nini bila kuwatisha?
3. Tumetumia pesa ngapi mwezi uliopita kununua dawa za maumivu? Pesa hizo zingetosha nauli ya watu wangapi kwenda Hola na kurudi?
4. Nani atabeba pembe ipi? Andikeni majina, na katika mkutano ujao kila mmoja atoe ripoti.

Tunawaomba msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la pili. Huenda mtoto huyo yuko nje sasa hivi, anacheza.